Nilimtafsiria mama Shuga, mdogo wangu atamtafsiria nini?

Ndugu Mhariri,

Waliokuwa sekondari miaka ya 2009 na 2010 wataikumbuka Shuga, tamthilia ya vijana ya MTV iliyopigwa Nairobi. Ndimo wengi wetu tulimoanza kumwona Lupita Nyong'o, akiwa Ayira, msichana wa chuo mwenye ndoto kubwa. Alipochukua Oscar mwaka 2014, kwetu Tabata tulimshangilia kama mtu tuliyecheza naye kombolela.

Sisi tuliipata kwenye CD iliyokuwa ikizunguka mtaani, imekwaruzika hadi inaganda kila baada ya dakika kumi. Ikiganda, mmoja wetu anaitoa kwenye deki, anaifuta kwa upindo wa khanga, anairudisha. Sebule inajaa wasichana wa jirani, wengine mlangoni.

Waigizaji walizungumza Kiingereza kingi na Sheng ndani yake, na mama hakujua vyote viwili. Akanikalisha karibu na kiti chake: "Haya, wanasemaje?" Ugomvi wa wapenzi niliutafsiri vizuri tu. Ilipofika mahali vijana wanaulizana habari za kondomu, nikasema, "Wanaongelea mambo ya kujikinga." Mama akanitazama. "Kujikinga na nini, mvua?" Nikauinamia mkeka. Basi akalitaja neno lile mwenyewe, taratibu, kama anavyotaja bei ya mchicha, akaniambia niendelee.

Usiku ule, wenzangu wameshaondoka, nilimwuliza kama kupima Ukimwi kunauma. Akasema yeye alikwishapima Angaza, kwenye vile vituo vya ushauri nasaha na upimaji. Wanatoboa kidole tu, kinachouma ni kusubiri majibu. Nilikuwa kidato cha tatu, na hatukuwahi kuzungumza hivyo kabla ya siku ile.

Si kwamba mji ulikuwa kimya. Mabango ya Ishi, ile kampeni ya vijana dhidi ya Ukimwi, yalituambia "Usione soo, sema naye". Redioni alikuwapo Fataki, yule mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo, hadi jina lake likawa neno la kila siku: mzee akimsimamisha mwanafunzi kituoni, konda anapaza sauti, "Fataki huyo!" Lile neno lilitusaidia sana. Lakini bango unalipita, na tangazo la redio linaisha kabla chai haijapoa. Ayira na wenzake tulikaa nao. Tuliwagombeza, tukawaonea huruma, tukabishana shuleni nani kakosea.

Wala si kumbukumbu zangu tu. Watafiti walioifuatilia Shuga ya Nigeria, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, walikuta vijana walioitazama wamejitokeza kupima VVU karibu mara mbili ya wale ambao hawakuitazama.

Baada ya msimu wa 2012 Shuga iliondoka Nairobi, ikaenda Nigeria, baadaye Afrika Kusini na Kodivaa. Mdogo wangu wa mwisho sasa yuko kidato cha pili. Jioni anatazama tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na sizilaumu, kwa sababu kazi ile inafanywa na vijana wetu wenye vipaji hapa hapa Dar. Anajua hila zote za jumba la sultani. Ila hajamwona kwenye runinga msichana aliyevaa sare kama yake, aliyekataliwa na konda asubuhi pale Buguruni, halafu anakuja bodaboda anamwambia, "Panda tu dada, utalipa siku nyingine." Mambo hayo anayaona kwenye simu, peke yake, chini ya shuka, ambako hakuna wa kumwuliza wanasemaje.

Uwezo tunao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya kundi la maigizo la Kaole ilipokuwa ikirushwa na ITV, watu walikatisha safari za dukani wawahi. Kina Kanumba, Ray na Johari walipitia pale, na mama hakuhitaji mkalimani.

Nawaomba wakuu wa vituo vya televisheni watupe tamthilia moja ya wanafunzi wa Dar es Salaam, kwa Kiswahili chao wenyewe, cha darasani na cha daladala. Kabla ya kuandika, waandishi wakakae nao vituoni asubuhi wawasikilize. Na irushwe kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, wakati wakubwa na watoto wako sebule moja. Wasiipeleke usiku wa manane kwa kuwaogopa wazazi. Mimi na mama tulikuwa tumekaa pamoja, ndiyo maana tukazungumza.

Wiki iliyopita mama aliniuliza kama ile ya Lupita bado ninayo. Anataka niitafute. Safari hii, anasema, mdogo wangu ndiye akae karibu na kiti.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam