Pemba haina reli, mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima wa afya, hofu ni kwako na hiyo baridi ya Leipzig, Ujerumani. Mama yako anakusalimu sana. Yuko uani anageuza karafuu kwenye jamvi.

Lile jedwali la nauli la Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuwasaidia wanafunzi kwenda kusoma nchi nyingine, ulilonitumia nimelisoma. Nimefahamu kwamba kwa safari kama hiyo yako ya Bologna, Italia, muhula ujao, masafa ya kilomita 500 mpaka 1999, kiwango cha safari ya kawaida ni euro 309, na anayekwenda kwa treni au basi, wanayoiita safari ya kijani, ni euro 417, na anaweza kuongezewa siku za njiani. Panda treni. Euro 108 si haba, na milima ya Alps utaitazama dirishani bure. Tiketi zako usitupe hata moja, watakutaka ushahidi. Ofisi ni ofisi, iwe Ulaya iwe huku Chake Chake.

Wala kusafiri bila ndege si jambo geni kwetu. Wazee waliokwenda kusoma Makerere walivuka kwa meli mpaka Mombasa, kisha gari moshi mpaka Kampala. Mwaka 1840 Ahmad bin Naaman aliifikisha merikebu ya Seyyid Said iliyoitwa Sultana mpaka New York kwa tanga na upepo. Mimi mwenyewe ujanani nikivuka kwenda Tanga kwa jahazi, na kusi likichacha tunalala bandarini siku tatu tunakula muhogo mkavu. Hakuna aliyeiita safari ya kijani. Tulikuwa tukiiita shida.

Sasa lile neno lako la mwisho, kwamba Sikukuu hii huji, eti moshi wa ndege moja ya kuja Pemba utakula faida yote ya treni. Nilivaa miwani nikalirudia jedwali lako, nikashusha kidole mpaka kilomita 4000 hadi 7999, maana ndiko tuliko sisi. Safari ya kawaida, euro 1188. Safari ya kijani, euro 1188. Nikamwita mama yako aje aone. Hata wao walioliandika wamejua kwamba ukifika huko mbali, treni haipo ya kuchagua.

Sisemi moshi wa ndege si moshi. Unalikumbuka konde la bibi yako la mpunga, lile la chini karibu na mikoko? Bahari imeliingia. Msimu uliopita nililitia jembe, udongo ulipokauka ukafanya ukoko mweupe. Nikauonja, chumvi tupu. Mpunga uliota kimo cha kiganja, ukageuka rangi, ukafa. Nimeliacha. Kwa hivyo usidhani baba yako hajui unachokiogopa. Lakini konde lile halikutiwa chumvi na mtoto anayekuja kumtazama bibi yake mara moja kwa miaka miwili, na bibi mwenyewe sasa macho yamempungua, anakutambua kwa sauti tu.

Basi huko Ulaya zunguka kwa treni utakavyo. Huku njoo kwa ndege mpaka Dar, halafu usipande kile kidege kidogo, chukua boti. Ukiikaribia bandari ya Mkoani nipigie, nitaazima gari ya mjomba wako nije kukupokea. Na hilo koti lako zito liache huko huko.

Baba yako