Shukrani kwa mama wa lango kuu, Nakuru

Mama ulinibeba kwenye gari lenu Jumamosi iliyopita pale Mbuga ya Ziwa Nakuru. Popote ulipo, ahsante sana. Sikupata jina lako.

Nilitoka Kisumu peke yangu kwa matatu, na hamu yangu ilikuwa moja: kufika pale juu penye jina la Out of Africa, ile filamu ya 1985 ya Meryl Streep na Robert Redford iliyonyakua Oscar 7. Napenda sana sinema zilizopigwa kwetu Kenya. Lakini mbugani huruhusiwi kuzunguka kwa miguu, na bei ya gari la kukodi ilinishinda. Ukanikuta langoni, ukawaambia watoto wasogee. "Panda mwanangu, nafasi ipo."

Nyinyi mlikuja kuona vifaru tu. Mkapanda mlima kwa ajili yangu. Njiani ukafunga vioo haraka, maana nyani dume alikuwa ameshaketi juu ya boneti akiukodolea macho mfuko wa mkate, na watoto wakacheka hadi machozi. Kule juu ukazima injini, ukaniacha nitazame nishibe: ziwa lote chini yetu, miti mikavu imesimama majini tangu maji yalipopanda, heroe wachache ukingoni.

Pesa ya mafuta ulikataa katakata, na bado ukanifikisha hadi stejini. Mungu akuzidishie.

Ukisoma hapa, tafadhali niandikie. Nina picha za watoto nataka kukutumia. Ya yule mdogo imetoka vizuri mno.