Mazoezi ya Karate Katika Chumba Kimoja: Barua kwa Kombo

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Kombo,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana.

Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma mara mbili. Nimeelewa kwamba zamu yako mpya kule Eneo la Viwandani imekubakishia somo moja tu la karate kwa juma, lile la Jumamosi, nawe unachelea kwamba yote uliyoyapata dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, yatapotea kidogo kidogo. Umeniomba orodha ya mazoezi ya kufanya nyumbani. Orodha sitakuandikia, kwa sababu najua utaifuata yote kwa haraka ili uimalize kabla ya kwenda kazini, na haraka ndiyo kitu ambacho chumba chako hakikihitaji. Heri nikueleze kile ambacho naamini mtu anaweza kukipata akiwa peke yake, pengine hata kwa ubora zaidi kuliko dojo.

Kwanza tuweke kando kisichowezekana. Umbali kati yako na mpinzani, na ule wakati wa kumwingilia kabla hajakamilisha hatua yake, hujifunzi mbele ya ukuta. Unamhitaji mtu wa pili mwenye nia ya kukufikia. Kwa hiyo usiigize kumite, yaani pambano, peke yako, ukirukaruka na kurusha ngumi za kasi hewani. Ngumi isiyokutana na kitu husimamishwa na kiwiko, na teke la namna hiyo husimamishwa na goti, na kiungo kinachofungwa kwa kishindo mara nyingi hatimaye huuma, tena maumivu yake hayana haraka ya kuondoka. Ukipiga hewani, acha kiwiko na goti vibaki na mkunjo mdogo mwishoni. Kuna wanaokushauri ufunge vizito vidogo miguuni kisha upige mateke ya nguvu. Mimi siungi mkono jambo hilo hata kidogo, kwa sababu uzito ule unaporushwa huvuta goti mahali ambapo tayari ni dhaifu.

Kinachowezekana ni upole wa mwendo. Dojo tunakwenda kwa hesabu ya sensei, mwalimu wetu, na hesabu haimngoji mtu anayetaka kusimama katikati ya hatua ili ajue uzito wake uko mguu upi. Nyumbani unaweza kusimama. Chukua zenkutsu-dachi, msimamo wa kuegemea mbele: takriban asilimia 60 ya uzito inakaa mguu wa mbele, goti la mbele limeinama mpaka likakaribia usawa wa vidole, na kisigino cha nyuma kimekanyaga sakafu. Sasa tembea kutoka mlangoni hadi dirishani, kila hatua kwa pumzi moja nzima, mguu wa nyuma ukipita karibu na mwenzake kabla ya kutoka tena mbele, na kichwa chako kikibaki kwenye kimo kilekile tangu mwanzo wa hatua hadi mwisho. Hapo katikati, miguu inapokutana, simama na uhesabu hadi tatu. Ukiyumba, basi umepata pa kufanyia kazi, kwa maana yumbo hilohilo lipo unapokwenda kwa kasi, ila kasi hulificha. Robo saa ya mwendo huu itakutoa jasho na itayatetemesha mapaja kuliko unavyodhani. Siku nyingine fanya vivyo hivyo kwa kokutsu-dachi, msimamo wa kuegemea nyuma, ambako asilimia 70 hivi ya uzito iko nyuma, na umalizie kwa kukaa katika kiba-dachi, msimamo wa mpanda farasi, kwa muda wa dakika moja, ukiongeza taratibu kadiri majuma yanavyopita.

Baada ya miguu, nyonga. Wengi wetu tunapiga gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa upande wa mguu wa nyuma, kwa bega, na dojo ni vigumu kuliona kosa hilo kwa sababu ngumi inafika hata hivyo. Vaa mkanda wako hata kama umevaa kaptura, kisha utazame fundo: nyonga ikiwa imegeuzwa upande, fundo lielekee pembeni, na ngumi inapotoka, fundo ligeuke mpaka litazame mbele kabisa kabla mkono haujanyooka. Fanya bila mkono kwanza, viganja vikiwa kiunoni, mpaka mgeuko uanzie kwenye kisigino cha nyuma kinachosukuma sakafu. Ukishauzoea, mwombe fundi wa baiskeli tyubu kuukuu, uifunge kwenye chuma cha dirisha kwa kimo cha kiuno, uipitishe mbele ya nyonga ya mguu wa nyuma, kisha ugeuke ukiwa unaivuta. Ikague kila mara kabla ya kuanza, maana mpira uliopasuka ukikatika huchapa vibaya.

Teke la mbele, mae-geri, lifanye ukiwa umeshika mgongo wa kiti. Inua goti, simama, nyoosha mguu, simama, rudisha mguu kwenye goti lililoinuliwa, simama, ndipo ushushe. Hatua ya tatu ndiyo tunayoiiba sote dojo. Mara kumi kila mguu zinatosha ikiwa ni polepole kweli.

Tena, Kombo, usidhani kwamba kufanya mazoezi peke yako ni karate ya kujipa moyo. Kata zenyewe, yaani mifuatano ya miendo iliyopangwa, zilihifadhiwa na watu waliofanya hivyo. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alisimulia jinsi alivyokuwa kijana akienda usiku nyumbani kwa mwalimu wake Azato, kwa kuwa zama hizo karate ilifundishwa kwa siri, na kule uani akirudia kata ileile moja usiku baada ya usiku, mwalimu akitazama na mara nyingi asiseme zaidi ya kumwambia arudie. Wewe unayo kata ya Heian Shodan, yenye miendo 21, na chumba chako hakitoshi mistari yake. Ukifika ukutani, rudi nyuma hatua zinazohitajika bila kubadilisha msimamo, kisha uendelee. Siku utakapofundishwa kata ya Tekki utafurahi, kwa sababu yenyewe huenda kushoto na kulia tu juu ya mstari mmoja, na hata ujia wa ploti yenu utaitosha. Kwa sasa ifanye Heian Shodan mara moja kwa mwendo wa pole, mara moja ukiwa umefumba macho, ukitazama mwishoni umeachana kiasi gani na mahali ulipoanzia. Kiai, ule ukelele wa kupigia, itoe kwa pumzi tu, bila sauti, maana chini yako kuna mama mwenye mtoto mchanga naye hana kosa.

Kuhusu ngumi, usipige ukuta. Makiwara ya Okinawa ni mti unaopinda unapopigwa. Ukuta wa mawe haupindi, utakachovunja ni mkono. Ning'iniza karatasi kwa uzi, upige ukiisimamisha ngumi kabla tu ya kuigusa.

Mazoezi ya nguvu unayajua tayari: kujiinua kwa mikono juu ya vifundo viwili vya kwanza vya ngumi, taulo likiwa chini na kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, kuchuchumaa na kuinuka, na kamba, ambayo utairukia juu ya paa kunakoanikwa nguo, si chumbani. Usivunjike moyo pumzi ikikukatikia upesi kuliko ulipokuwa Mombasa, kwani hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Viungo vinyooshe mwishoni, mwili ukiwa umepata moto. Na ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Dakika 20 za mtu aliyelala zinanitosha zaidi kuliko saa nzima ya mtu anayesinzia.

Jambo moja nakuomba kabla ya Jumamosi. Iegemeze simu yako kwenye kiti, ujirekodi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ukitembea zenkutsu-dachi chumba kizima kwenda na kurudi. Kutoka ubavuni ndipo kichwa kinachopanda na kisigino kinachoinuka huonekana. Njoo nusu saa kabla ya somo tuitazame pamoja pale nje ya ukumbi, kisha tumwombe sensei aangalie mkono wako wa kushoto, kwa sababu nimeona hikite yako, yaani mkono unaovutwa nyuma ngumi nyingine inapotoka, haifiki ubavuni, nami nadhani inatokana na nyonga.

Wako,
Juma