Orodha isiende kwanza

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na Salum kaoa. Mengine atakueleza mwenyewe. Naandika mbiombio kwa sababu nimeiona orodha yako ya tadigredi, wale vijidudu wa miguu minane, wa mchanga wa Jambiani, na pale ulipoandika jina la spishi Batillipes pennaki moyo umenidunda. Nakuomba usiipeleke bado.

Jina hilo alilitoa mwanazuolojia Marcus mwaka 1946 kwa mnyama wa Brazili. Tangu hapo limebandikwa wanyama wa bahari nyingi, na mimi siamini hata kidogo kwamba kiumbe asiyefika nusu milimita, asiyejua kuogelea, awe yuleyule wa huko na wa kwetu. Wenzao wa kwenye kuvumwani hukauka wakapeperushwa na upepo na bado wakafufuka. Hawa wa mchanga wa bahari, wengi wao wakikauka ndiyo basi.

Bamvua lilipokupwa nilichota mchanga mwingine, ule mweupe wenye vipande vya matumbawe na mwani. Nikausuuza kwa maji yasiyo na chumvi sekunde chache, wakaachia punje, nikamimina kwenye chujio na kuwarudisha maji ya chumvi upesi. Batillipes wawili wamelala vizuri kwenye gliserini. Mguu wa nne una vidole sita vinavyopishana urefu, kila kimoja na kisahani nchani. Si watoto basi, maana watoto hutoka yaini na vidole pungufu. Lakini mkia, Zuhura! Wa mmoja umechongoka, wa mwenziwe butu. Na vile vijitokeo vya ubavuni, kati ya mguu wa tatu na wa nne, havifanani pia. Halafu nimempata Florarctus, tadigredi wa jenasi nyingine, mbawa zimemzunguka, mzuri ajabu. Huyo tutamzungumza siku nyingine.

Wewe uko Paris, mji aliofanyia kazi Jeanne Renaud-Mornant, aliyewachambua hawa wa mchanga wa matumbawe. Unaweza kwenda makumbusho ukaomba kuziona slaidi zake? Vidole vya mguu wa nne ulivipima, au ulitazama mkia tu? Wako walikuwa madume au majike? Na ikiwa ni spishi mbili, tuandike “Batillipes sp.”, yaani spishi bado haijatambuliwa, mpaka tuwalinganishe, au una rai nyingine? Nijibu kabla hujaituma.

Wako,
Maryam