Bunduki ilifyatuka au ilifyatuliwa? Kuhusu 'go off'

Ndugu Mhariri,

Katika habari zinazotafsiriwa kutoka Kiingereza, kitenzi 'go off' kinapotoshwa mno, na mara nyingine kosa hilo hugeuza habari nzima. King'ora cha moto kilicholia huandikwa kuwa kilizimika, na msomaji hubaki akijiuliza watu walijuaje kwamba wakimbie. Naomba nafasi nieleze jinsi ya kulikwepa.

Kitenzi chetu 'piga' hupata maana kutokana na neno linalokifuata: piga pasi, piga kura, piga magoti. 'Go off' kwa sehemu kubwa hufanya kinyume chake. Maana huamuliwa na neno linalokitangulia, yaani kiima. Bomu limelipuka. Bunduki imefyatuka. Kengele imelia. Taa zimezimika, umeme umekatika, maziwa yameharibika. Kiima kikiwa mtu mzima, mara nyingi ameondoka. Kikiwa mtoto mchanga anayebembelezwa, huenda usingizi umemchukua. Kwa hiyo mfasiri asiguse kitenzi kabla hajajua ni kitu gani kimefanya hivyo.

Kinachowachanganya wengi ni kengele na taa, kwa kuwa moja imeanza kazi na nyingine imeacha. Wazo la msingi la 'off' ni kutengana. Taa hutenganishwa na umeme, ikazimika. Kwenye bunduki, bomu na kengele ni nguvu iliyokuwa imezuiwa ndiyo inayoachiliwa, kama springi ya saa ya mezani inapofunguka na kugonga kengele. Ukitaka kanuni ya haraka: kifaa kinachokaa kimya kikisubiri kushtua au kulipuka, 'go off' maana yake kimeanza. Kifaa cha kuwaka au kuzunguka mfululizo, kimeacha.

Simu huwanasa hata wanaojua Kiingereza vizuri. 'His phone went off during the meeting' maana yake simu yake ililia mkutanoni. Mzungumzaji wa Kiswahili huitumia sentensi hiyo akikusudia kwamba ilizima, na Mwingereza anayemsikiliza huelewa kinyume kabisa. Simu iliyoishiwa chaji husemwa 'died'. Iliyozimwa na mwenyewe, 'was switched off'. Vivyo hivyo, 'The alarm went on for an hour' haisemi kwamba kengele iliwashwa, bali kwamba iliendelea kulia saa nzima. Sentensi ya kukariri ni hii: 'The alarm went off, so I turned it off.' Kengele ililia, nikaizima. Mshumaa na moto wa kuni havimo katika mjadala huu: vikizimika husemwa 'go out'.

Bunduki ndiyo inayonifanya niandike. Mwandishi wa Kiingereza anaposema 'the gun went off during the struggle', amechagua kwa makusudi kutomtaja aliyevuta kifyatulio. Labda hajulikani, labda ilikuwa ajali, labda kesi iko mahakamani. Mfasiri akiandika 'alifyatua bunduki wakati wa purukushani', amemtia mtu hatiani kwa kitenzi kimoja. Kiswahili kina silaha yake hapa, tena nzuri kuliko ya Waingereza: kiambishi -k-. Fyatua na fyatuka, lipua na lipuka. 'The bomb went off' ni bomu lililipuka. 'They set off the bomb' ni walilipua bomu. 'Go off' ni tukio lenyewe, 'set off' ni kitendo cha aliyelisababisha. Mhariri anayeruhusu moja ishike nafasi ya nyingine amebadilisha ushahidi.

Kwa sababu hiyohiyo, 'go off' ya mlipuko haina kauli ya kutendwa. Wanafunzi huandika 'the bomb was gone off', ilhali sahihi ni 'the bomb went off', au 'was set off' ikiwa kuna mhusika. Umbo la wakati uliopita ni 'went', na baada ya 'has' au 'had' ni 'gone'.

Maana nyingine hazina hatari kubwa. Chakula kuharibika kwa 'go off' ni Kiingereza cha Uingereza. Mmarekani husema 'go bad'. Mkutano au maandamano yakiwa kiima, lazima kitenzi kifuatwe na neno la namna: 'The march went off peacefully', yaani maandamano yalifanyika kwa amani mpaka mwisho. Hapo hakuna mlipuko wowote, na mfasiri anayeona 'off' karibu na maandamano asikimbilie kuandika kwamba vurugu zilizuka. 'Go off with' ni kuondoka na kitu, mara nyingi kisicho chako.

Ipo maana moja inayodai tutazame pia mbele ya kitenzi. 'She has gone off coffee' maana yake kahawa imemtoka moyoni, haipendi tena. Huu nao ni Uingereza zaidi. Kitu kilichochukiwa hukaa baada ya 'off' daima, hata kikiwa kiwakilishi: 'gone off it', kamwe si 'gone it off'. Na mtu anaweza kuchukiwa vilevile: 'She has gone off him' haimaanishi kwamba ameondoka kwake. Huenda bado wanaishi pamoja.

Ombi langu kwa dawati lako la habari za kimataifa ni dogo. Kila 'go off' yenye silaha ndani yake isomwe na mtu wa pili kabla ya kuchapwa, maandishi ya Kiingereza yakiwa mbele yake. Programu za kutafsiri zisiachiwe uamuzi wa nani alifyatua nini.

Msomaji wako