Kabla sijakulipia kozi ya kuchora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote tu wazima. Ujumbe wako kuhusu ile kozi ya video ya pespektivi, yaani namna ya kuchora vitu vionekane vikienda mbali, nimeupata. Sikatai kulipa, ila ningependa tuchague vizuri, maana mafunzo ya kuchora yamejaa kila mahali na mengi hufurahisha macho tu, mkono ukabaki pale pale.

Ile picha yako ya matatu nimeibandika sebuleni. Bodi umeichora ikienda mbali vizuri kabisa, lakini magurudumu yamebaki mviringo kamili kama sarafu. Duara likitazamwa kwa pembeni hubanwa, likawa duaradufu. Kwa hiyo ukishika kitabu chochote, tafuta kwanza mahali kinapofundisha kuchora duara ndani ya mraba unaoelekea mbali. Kama hakuna, kirudishe.

La pili ndilo kubwa zaidi: je, mwalimu anaanza na usawa wa macho? Mstari wa upeo, pale ardhi na anga vinapoonekana kukutana, uko pale macho yako yalipo. Ukichuchumaa, nao unashuka. Nenda KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, usimame uwanjani uutazame ule mnara wa ghorofa 28. Mizunguko ya ghorofa za chini karibu inyooke, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kupinda. Ukilielewa hilo kwa macho yako mwenyewe, nukta moja, mbili au tatu za kutoweka, yaani pale mistari inayokwenda mbali inapoonekana kukutana, hazitakusumbua. Mwalimu anayeliruka atakufanya unakili mistari bila kujua imetoka wapi.

Kwa maoni yangu, anza na kitabu cha Ernest Norling, Perspective Made Easy, cha mwaka 1939. Ni cha zamani, lakini ni chembamba na kinakwenda hatua kwa hatua. Kiulizie maktaba ya taifa, au kwa wauza vitabu vya mitumba pale mjini. How to Draw cha Scott Robertson ni kizuri mno, ila ni kizito kwa anayeanza, kitakufaa baadaye.

Video zina faida yake, hasa kuona mkono unavyovuta mstari. Lakini isimamishe kila baada ya hatua, uchore, ndipo uendelee.

Pesa ya kozi nimeiweka kando. Maliza kwanza mazoezi ya kitabu kimoja, kisha nitumie picha za maboksi uliyochora, tuamue. Na nunua rula ndefu na karatasi kubwa, kwa sababu nukta za kutoweka mara nyingi huangukia nje ya picha yenyewe.

Akupendaye,
Baba