Wazee wa Ziwa Turkana warekodiwe sasa

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee kuhusu wazee wanaobeba majina ya mahali kichwani, maana naona tunachelewa vibaya sana.

Angalia Ziwa Turkana tu, hapo kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1888 wasafiri wawili wa Ulaya, Teleki na von Höhnel, walifika pale wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria ambaye hata hakuwahi kuliona, na Wasamburu walikuwa wanaliita Basso Narok zamani tu, lakini ramani ikashika Rudolf mpaka 1975 serikali ilipobadilisha. Hilo ni ziwa zima, linaonekana. Sasa je, vile vighuba na miamba na sehemu za kuvulia samaki ambazo hazijawahi kuandikwa popote?

Majina hayo wanayo wazee wa Waelmolo, pale karibu na mji wa Loiyangalani kando ya ziwa. Ni jamii ndogo kabisa na lugha yao ya zamani ishapotea, sa hivi wanaongea Kisamburu, kwa hiyo mzee akisimulia na jina la zamani likatoka mdomoni, hapo ndo mahali pekee unaweza kulisikia. Na hadithi za namna hii mtu hazitoi zote akiwa amekaa kwenye kiti ofisini, anahitaji kupaona, anyooshe kidole, huyu alizama hapa, hawa walihamia kule, jina moja linamkumbusha lingine. Lakini maji ya ziwa yamepanda miaka hii, yamemeza nyumba na hata makaburi yao, kijiji chao cha Komote kimezungukwa na maji kikawa kisiwa. Atanyoosha kidole wapi?

Tamasha la utamaduni la Loiyangalani nalipenda, ila ngoma zinachukuliwa video watu wanaenda zao, msimulizi hakuna aliyemuuliza kitu. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti kazi ya kukusanya na kusajili haya mambo, basi Kaunti ya Marsabit imtafutie mzee boti na kijana wa hukohuko mwenye rekoda na jipiesi ya kuonyesha mahali kwenye ramani, wazunguke naye pole pole, na alipwe kama mtaalamu yeyote anavyolipwa, si soda na asante. Rekodi zibaki kwa jamii yenyewe na nakala zipelekwe shule za huko, zisije zikafungiwa kabatini Nairobi.

Ni mimi msomaji wako.